Uzi: Kukodisha na kuuza maleba, mandhari na vifaa vya jukwaani vilivyokwisha kutumika

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wadau wa sanaa za maonyesho, salaam kwenu nyote. Mara nyingi watu huuliza wafanye nini na marundo ya nguo, fremu na samani zinazobaki baada ya onyesho kumalizika, na jibu wanalopewa huwa ni lile lile: kodisha, au weka tangazo uuze. Jibu hilo si baya, lakini linachanganya vitu ambavyo kibiashara havifanani hata kidogo. Nimekuwa mtunza maleba, yaani nguo za kuigizia, na vifaa wa vikundi kadhaa vya hapa mjini kwa muda mrefu, na msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia: maleba yakodishwe, mandhari, yaani kuta bandia, ngazi na majukwaa, iuzwe mapema ikiwa bado nzima, na vifaa vya mkononi, vile anavyoshika mwigizaji, vigawanywe kati ya njia hizo mbili kwa kuangalia kama vinapatikana dukani au havipatikani. Sababu ni moja tu, nayo ni stoo.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme umepanga chumba cha kuhifadhia kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na humo umeweka kuta bandia nane, yaani fremu za mbao zilizowambwa kitambaa na kupakwa rangi, pamoja na ngazi moja na majukwaa mawili ya plaiwudi. Vitu hivyo vikichukua theluthi ya chumba, vinakula shilingi 50,000 kila mwezi, sawa na 600,000 kwa mwaka. Ukibahatika kuvikodisha mara mbili katika mwaka kwa shilingi 150,000 kila mara, umeingiza 300,000 na kupoteza nyingine 300,000, na hapo bado hujamlipa dereva wa kirikuu wala fundi wa kurudishia rangi iliyokwaruzwa njiani. Katika chumba hicho hicho, bomba la kutundikia nguo lenye urefu wa mita mbili halichukui zaidi ya sehemu moja ya ishirini, kwa hiyo linakugharimu shilingi 7,500 kwa mwezi au 90,000 kwa mwaka. Mavazi ishirini yaliyotundikwa hapo, hata yakikodishwa mara moja tu kwa mwaka kwa shilingi 10,000 kila moja, yanaingiza 200,000. Badilisheni tarakimu mnavyotaka kulingana na mji wenu, mtaona uwiano haubadiliki sana.

Wenye fedha nyingi kuliko sisi wanaifahamu hesabu hii vizuri. Kule New York, mandhari ya onyesho kubwa la muziki la Broadway huweza kugharimu mamilioni ya dola, lakini onyesho likifungwa sehemu kubwa ya mandhari hiyo huvunjwa na kupelekwa jalalani, kwa kuwa ukumbi unatakiwa uachwe wazi haraka na ghala katika mji ule ni ghali mno. Upotevu huo ni miongoni mwa mambo yanayoshughulikiwa na muungano wa mazingira wa Broadway Green Alliance, ulioanzishwa mwaka 2008. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1978, mji huo huo una mpango unaoitwa Materials for the Arts, ambao hupokea vitambaa, mbao, samani na vifaa vya kila aina na kuvigawa bure kwa shule za umma na vikundi vya sanaa visivyo vya faida. Jumba la opera la Covent Garden mjini London, ambalo kwa kweli linalazimika kuhifadhi mandhari kwa sababu opera zile zile hurudi jukwaani miaka nenda miaka rudi, huiweka ndani ya makontena huko Aberdare, kusini mwa Wales, mbali kabisa na mji mkuu, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu anayelipia ardhi ya London ili kutunza ngazi ya mbao.

Upande wa nguo mambo ni kinyume chake. Angels, nyumba ya kukodisha maleba ya London, ilianza mwaka 1840 na ingali inafanya kazi, ikiwa na nguo zilizotundikwa kwenye mabomba yanayozidi maili nane kwa urefu. Western Costume ya Los Angeles ilianza mwaka 1912. Biashara ya kukodisha nguo za maonyesho inaweza kuishi zaidi ya karne, kwa sababu koti moja hubadilishwa kola na vifungo likawa la karani leo na la mchungaji mwakani, ilhali ukuta wenye dirisha lililochorwa mnazi unabaki kuwa ukuta wenye dirisha lililochorwa mnazi.

Sasa, nikisema mandhari iuzwe mapema, nina maana ya kabla ya usiku wa kuvunja, yaani usiku ambao mandhari inaondolewa jukwaani baada ya onyesho la mwisho. Fremu zikishalala chini hazina mvuto wowote. Mnunuzi anaona mbao chakavu na anakupa bei ya kuni. Zipigwe picha jukwaani, chini ya taa, mtu mmoja akiwa amesimama karibu ili ukubwa uonekane, kisha picha zipelekwe kwa wanunuzi walau juma moja kabla ya onyesho la mwisho, vipimo na masharti vikiwa vimeandikwa. Wanunuzi wapo, ila wengi wao si watu wa jukwaani. Wapambaji wa kumbi za harusi hununua matao, nguzo na majukwaa ya kunyanyulia maharusi. Studio za picha hununua kuta zilizopakwa rangi. Makanisa hutafuta vitu vya michezo ya Krismasi na Pasaka, na waandaaji wa tamthilia za televisheni hununua milango, madirisha na samani ambazo zimekwisha kuchakazwa kwa ustadi, maana kiti kipya kutoka kwa maseremala wa Keko kinaonekana kipya mno mbele ya kamera. Mpangie mnunuzi afike usiku ule ule wa kuvunja na usafiri wake, ili mzigo usiguse stoo yako hata kwa saa moja.

Hayo yote yanawezekana tu iwapo fundi alijenga akijua kwamba kitu kitavunjwa. Hapa ndipo nagombana na maseremala wetu kila msimu. Msumari wa inchi nne ukichomolewa na nyundo ya kucha huondoka na kipande cha mbao, na fremu iliyovunjwa mara mbili kwa namna hiyo haiungiki tena. Parafujo na bolti zenye nati huongeza gharama kidogo mwanzoni, lakini fremu inafunguliwa kwa bisibisi na kufungwa tena mahali pengine ikiwa vile vile. Kuta zinazokutana kwenye kona zishikwe kwa bawaba za pini ya kuchomoa, ili mtu mmoja aweze kuzitenganisha kwa kuvuta pini tu. Kila kipande kiandikwe namba na herufi kwa nyuma, mahali ambapo rangi haitapita.

Halafu kuna suala la vipimo. Karatasi nzima ya plaiwudi ina mita 1.22 kwa 2.44, na mafundi wengi hujenga fremu za urefu huo bila kufikiri. Kontena la kawaida la bahari lina urefu wa takriban mita 2.39 kwa ndani, na mlango wake una takriban mita 2.28. Fremu ya mita 2.44 haisimami humo; italazwa ubavu, na ikilazwa itaegemewa na vitu vingine mpaka kitambaa kitoboke. Anayejenga kwa nia ya kusafirisha au kuhifadhi kwenye kontena akate mita 2.2 na kuongeza kimo kilichobaki kwa kipande cha juu kinachofungwa kwa bolti.

Naomba kuwasilisha. Nitajibu maswali kadiri nitakavyoweza.

Mdau wa Mwanza

Nakushukuru, ndugu, kwa uchambuzi huu. Mimi ni mwalimu wa sekondari na ninasimamia kikundi cha maigizo cha wanafunzi. Maleba ya kukodi tumewahi kuyapata mara kadhaa, lakini tatizo letu ni mawili. Kwanza, nguo ni kubwa mno, kwa kuwa waigizaji wetu ni watoto wa miaka kumi na minne na nguo zilishonwa kwa ajili ya watu wazima, na tukizipunguza mwenye nguo hukasirika. Pili, nguo huja zikiwa na harufu ya jasho la watu wengine, na wazazi wamelalamika. Je, huko mjini mnayashughulikiaje mambo haya mawili, na mwalimu afanye nini asiyekuwa na bajeti ya dobi?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Mwalimu, maswali yako yote mawili yanaanzia kwa fundi cherehani kabla hayajafika kwa anayekodi. Nguo ya jukwaani haishonwi kama nguo ya sikukuu. Ya sikukuu inashonwa imkae mtu mmoja. Ya jukwaani inatakiwa iwakae watu wengi kwa miaka mingi. Kwa hiyo kwenye mshono wa mgongo na wa ubavuni huachwa kitambaa cha ziada cha inchi moja au zaidi kila upande, kikiwa kimekunjwa na kushikizwa kwa ndani, na pindo la chini huachwa la inchi nne. Zipu huepukwa kadiri inavyowezekana, kwa sababu ikiharibika kati ya tendo moja na jingine hakuna dawa. Badala yake huwekwa kulabu kubwa zenye safu mbili au tatu za kushikia, au vitundu vya kupitisha kamba mgongoni, na nguo ya kamba humtosha msichana mwembamba na mama wa makamo bila kuguswa na sindano.

Inapobidi kupunguza, sharti ni kupiga bandi tu. Mishono mirefu ya mkono, kwa uzi wa rangi tofauti na kitambaa ili ionekane wakati wa kufumua, na mkasi usiguse chochote. Mimi huandika katika mkataba kwamba atakayepiga bandi hana deni, na atakayekata atalipa bei ya kushona nguo mpya. Mwenye nguo anayekasirika kwa sababu ya bandi hajui kazi yake, na unaweza kumwambia nimesema hivyo.

Kuhusu harufu, kinga ni bora kuliko dobi. Kila mwigizaji avae fulana nyepesi ya pamba ndani, na fulana hiyo ifuliwe kila siku, maana ndiyo inayobeba jasho. Kwenye makwapa ya makoti na magauni mazito hushikizwa vipande vya kitambaa maradufu vinavyoondolewa na kufuliwa peke yake. Nguo ambayo haiwezi kuingia kwenye maji, kama vile joho lenye darizi au koti lenye bitana, hupuliziwa spiriti iliyochanganywa na maji sehemu za kwapa na kola kwa upande wa ndani, kisha hutundikwa mahali penye upepo usiku kucha. Watunza maleba wa Ulaya na Marekani hutumia vodka kwa kazi hiyo hiyo; spiriti ya duka la dawa inatosha, na haimletei mwalimu maswali kutoka kwa bodi ya shule. Kwanza jaribu kwenye pindo, kwa sababu baadhi ya rangi huhama.

Kofia, wigi na viatu ni jambo jingine. Hivyo sivikodishi kwa shule bila kofia nyembamba ya kitambaa ya kuvaa chini ya wigi na soksi za mwanafunzi mwenyewe, na wala sitabadili msimamo huo.

Khanga mpya na kaniki huchuja rangi, hivyo zilowekwe na kufuliwa peke yake kabla ya kukaribiana na kanzu nyeupe. Tamthilia za vita vya Majimaji zinazopendwa na shule zina hatari hiyo hasa, kwa kuwa kaniki za wanavijiji na kanzu nyeupe hutupwa kwenye mfuko mmoja baada ya onyesho, zikiwa na jasho, na asubuhi kanzu zote zimekuwa za bluu.

Mdau wa Nairobi

Mwanzisha mada, ninakubaliana nawe kuhusu maleba, lakini kuhusu mandhari ninaona umetoa hukumu ya Dar es Salaam na kuifanya ya dunia nzima. Huku Kenya tuna tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo, linaloanzia kaunti ndogo, likapanda kaunti, kisha kanda, na kumalizikia ngazi ya taifa, kwa kawaida mwezi wa Aprili. Kikundi kinachoshinda hubeba mandhari yake kutoka ngazi hadi ngazi, na kinachoshindwa mwezi wa Februari kinabaki na mandhari nzuri ambayo shule iliyoshinda ingeihitaji ili kuboresha yake. Isitoshe, kuna vikundi vinavyozunguka shuleni mwaka mzima kuigiza tamthilia zinazotahiniwa katika mtihani wa kidato cha nne. Tamthilia inayotahiniwa hukaa kwenye silabasi kwa miaka kadhaa, vikundi vingi huigiza hiyo hiyo, na wote wanahitaji ofisi ya kiongozi, mkahawa, soko na lango la kiwanda. Mandhari ya namna hiyo hulipa, na nimeiona ikilipa. Mitumba ya Gikomba ndiyo inayotupa maleba kwa bei ya chini hata kukodi kunakuwa hakuna maana kwa nguo za kisasa. Ni nguo za kale tu ndizo zinazofaa kukodishwa.

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu wa Nairobi, hoja yako ina uzito, na inanifanya niongeze sharti kwenye kauli yangu: mandhari hukodishika pale ambapo kazi moja inaigizwa na watu wengi ndani ya kipindi kinachojulikana. Ndiyo maana nyumba za opera hukodishiana mandhari nzima, pamoja na maleba yake na michoro ya taa, kutoka mji hadi mji. Orodha ya opera zinazopendwa ni fupi na kila jumba linazihitaji, kwa hiyo mandhari ya opera moja husafiri kwa miaka mingi bila kukosa mwenyeji. Silabasi yenu inafanya kazi hiyo hiyo kwa vikundi vyenu. Huku kwetu tamthilia zinaandikwa na kuigizwa mara chache, kisha zinaachwa, na mandhari yake inakufa nazo.

Hata hivyo, angalia kinachokodishwa hasa. Ofisi, mkahawa na lango ulivyovitaja vinajengwa kwa fremu tupu, milango, meza na mabango ya kubadilisha. Mwenye biashara hiyo akiniuliza, nitamshauri asihifadhi ofisi iliyokamilika bali ahifadhi fremu za kipimo kimoja zilizopakwa rangi ya maji ya kijivu, na kila anayekodi apake rangi anayotaka kwa gharama yake. Rangi zikirundikana tabaka juu ya tabaka, kitambaa huwa kizito na kuanza kupasuka kwenye kona. Wakati huo kinabanduliwa chote na fremu inawambwa kitambaa kipya cha amerikani. Mwongozo wa Uingereza uitwao Theatre Green Book, ulioanza kutolewa mwaka 2021, unaelekea huko huko: katika kiwango chake cha msingi unataka nusu ya malighafi za onyesho ziwe zimewahi kutumika, na asilimia 65 ziende kutumika tena baadaye. Wao wamesukumwa na suala la mazingira, sisi tunasukumwa na bei ya mbao, na vipimo vya pamoja vinatufaa wote.

Kuhusu Gikomba, sina ubishi. Hata sisi shati la karani na suti ya mwanasiasa tunanunua kwenye soko la mitumba la Karume, na onyesho likimalizika tunaviuza tena kwa bei ya hasara ndogo au kumwachia mwigizaji. Nguo inayopatikana kwenye mtumba haistahili nafasi kwenye bomba langu. Zinazostahili ni zile ambazo fundi alizihangaikia: majoho, sare za kikoloni, nguo za watawa, magauni ya miaka ya hamsini, na mavazi ya wanyama kwa michezo ya watoto, ambayo ndiyo yanayotafutwa kuliko yote.

Mdau wa Unguja

Kaka, ahsante kwa uzi huu. Mimi ni fundi cherehani na ninayo maleba yangu ninayokodisha kwa vikundi na kwa wapiga picha. Ningependa kuongeza neno kuhusu hali ya hewa ya pwani, kwa sababu naona mmelizungumzia jasho mkasahau ukungu. Nguo ikifunikwa kwa nailoni huku kwetu, msimu wa masika ukipita itakuwa na madoa meusi yasiyotoka. Funikeni kwa kitambaa cha pamba cheupe kilichofuliwa. Joho lenye darizi ya uzi wa dhahabu lisitundikwe, kwani uzito wa darizi huvuta mabega mpaka yakapoteza umbo. Lilazwe bapa, na penye kunjo pawekwe mviringo wa kitambaa laini. Makabati yaachwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, na yanyanyuliwe juu ya matofali kwa ajili ya mchwa.

Jambo la pili ni vifaa. Watu huja kwangu wakitaka vyetezo, mabirika ya shaba, mirashi na sanduku za njumu kwa ajili ya michezo ya kihistoria, na wengine wanadhani mtu anaweza kukodisha sanduku la bibi yake. Vitu halisi vya ukoo visiingie kwenye biashara hii, kwani dhamana yoyote haiwezi kuvirudisha. Seremala mzuri anatengeneza sanduku jepesi la plaiwudi lenye njumu za mapambo, na kutoka safu ya tatu ya viti hakuna atakayelitambua, tena mwigizaji analinyanyua kwa mkono mmoja.

Mdau wa Dar es Salaam

Naomba mtuzungumzie mikataba. Kikundi chetu kilikodisha maleba kwa taasisi moja ambayo siitaji, yakarudi wiki tano baadaye yakiwa pungufu, na dhamana tuliyochukua haikutosha kushona hata nusu ya yaliyopotea. Pia mwezi ujao tumeombwa kupeleka maleba na bunduki za kuigizia Kampala kwa onyesho la wenzetu. Je, kuna tahadhari zozote?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Dada wa Unguja, kuhusu sanduku la bibi nakuunga mkono kwa mikono miwili.

Ndugu mdau, kosa la kawaida la dhamana ni kuikadiria kwa bei uliyonunulia kitu miaka iliyopita. Dhamana ikadiriwe kwa gharama ya kushona kitu hicho leo, kwa bei ya leo ya kitambaa na ya fundi, kwa sababu hiyo ndiyo fedha utakayoitoa kikipotea. Ada ya kukodi itozwe kwa onyesho pamoja na siku za mazoezi ya mwisho, na kuanzia siku ya kuchelewa itozwe kwa siku. Wanaokodisha majoho ya mahafali na mashela ya harusi hapa mjini wanaifahamu kanuni hiyo vizuri. Ni watu wa sanaa tu wanaoona aibu kumdai msanii mwenzao. Orodha iwe na picha ya kila kitu, mbele na nyuma, na mpokeaji asaini kila ukurasa. Kila nguo iwe na namba iliyoandikwa kwenye utepe wa pamba na kushonewa ndani ya kiuno au kola, na namba hiyo hiyo iwe kwenye daftari. Dhamana irudishwe kwa simu siku ile ile baada ya kukagua mzigo mbele ya aliyeuleta, kwani kuichelewesha ndiko kunakowafanya watu wasirudi kukodi kwako.

Ukiuza mandhari, andika pia kwamba unauza mbao na vitambaa, na kwamba ubunifu wa msanifu hauuzwi pamoja navyo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa, na mnunuzi akisimamisha mandhari nzima kama ilivyokuwa na kuitangaza kama yake, msanifu anaweza kumfuata yeye na akakutaja wewe.

Moto nao uingie kwenye mkataba. Ukumbi wa Iroquois wa Chicago uliungua tarehe 30 Desemba 1903 baada ya taa kuwasha pazia, na zaidi ya watu mia sita walikufa. Hapa nyumbani, ukumbi wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo uliungua mwaka 2002. Kitambaa cha pamba kinaweza kulowekwa katika mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki ili kisishike moto kwa urahisi, lakini dawa hiyo huondoka kikifuliwa, kwa hiyo anayefua ndiye anayetakiwa kuirudisha, na hilo liandikwe.

Sasa Kampala. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu bidhaa kuingizwa kwa muda na kurudishwa zilikotoka, kwa masharti na dhamana, hivyo muoneni wakala wa forodha kabla ya kufunga mizigo, mkiwa na orodha yenye picha, mkataba wa kukodi na barua ya mwaliko. Bila karatasi hizo, marobota ya nguo zilizovaliwa yanaonekana kama mitumba machoni pa afisa yeyote wa mpakani, na ushuru wake si wa mchezo. Kama safari itaendelea hadi Kigali, mkumbuke kwamba Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016 kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo.

Bunduki ziwe za mbao, zichongwe kwa namna ambayo mtu akizishika mkononi anajua papo hapo kuwa ni mbao, na zisafiri ndani ya sanduku lililofungwa, zikiwa zimetajwa kwenye orodha. Sare za jeshi na polisi zinahitaji uangalifu zaidi. Kanuni ya Adhabu ya hapa kwetu inakataza kuvaa sare za majeshi bila ruhusa, na mwigizaji anayetoka nje kununua maji akiwa na sare ya jukwaani hana onyesho la kujitetea nalo. Mimi hukodisha sare zisizofanana na za jeshi lolote lililopo: rangi ya khaki ya zamani, vifungo vya kawaida, beji za kubuni. Uganda ilitangaza bereti nyekundu kuwa vazi la kijeshi mwezi Septemba 2019, na raia anayepatikana nayo anaweza kushtakiwa. Kama mchezo wa wenzenu unahitaji bereti, pelekeni za rangi ambayo haifanani na ya kikosi chochote, muwaulize kwanza wenyeji wenu kwa maandishi, na zile nyekundu mziache nyumbani na kuziondoa kwenye orodha kabla haijafika kwa wakala.